Divai ya Mapovu ya Milima ya Trentino

Trentodoc ni divai yenye mapovu, nyeupe au ya rangi ya waridi, inayotoka Trentino, jimbo la milima kaskazini mwa Italia. Hutengenezwa kwa njia ileile iliyoipa sifa shampeni ya Ufaransa: divai huchachuka mara mbili, na mara ya pili huchachukia ndani ya chupa ileile ambayo mnywaji ataifungua mezani. Gesi inayopanda kwenye glasi haikutiwa kwa mashine kama ile ya soda. Imetengenezwa na hamira ndani ya chupa iliyozibwa, ikabaki humo kwa miezi au miaka kwa kuwa haikuwa na pa kutokea. Waitalia huiita njia hii metodo classico, yaani njia ya jadi, na Trentino ni mahali pa kwanza nchini humo kupewa jina la asili linalolindwa na sheria kwa ajili ya divai ya aina hii peke yake.

Jimbo lenyewe lina takriban kilomita za mraba 6,200, na sehemu kubwa ya eneo hilo iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Zaidi ya nusu ya ardhi ni misitu. Juu ya misitu hiyo imesimama miamba mikubwa, ikiwemo sehemu ya milima ya Dolomiti ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2009. Mkulima amebakiwa na mabonde na miteremko: bonde la mto Adige linaloshuka kutoka kaskazini kwenda kusini na kupita katika mji wa Trento, Vallagarina upande wa kusini, Valsugana mashariki, Val di Cembra kaskazini-mashariki, na Valle dei Laghi, bonde la maziwa linaloteremka hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Garda. Mizabibu ya Trentodoc hupandwa kuanzia kama mita 200 hadi zaidi ya mita 800. Kwa hiyo katika kijiji kimoja shamba la chini huweza kuwa limekwisha kuvunwa huku la juu likiwa bado halijaiva.

Kimo hicho ndicho kiini cha habari yote. Zabibu inapoiva, mambo mawili hutokea kwa pamoja: sukari hupanda na asidi hushuka. Katika nchi ya joto asidi hushuka haraka, kwa sababu mzabibu unapopumua huunguza asidi ya maliki, na usiku ukiwa na joto kazi hiyo haikomi. Katika miteremko ya Trentino jua la mchana ni kali vya kutosha kuipa zabibu sukari na harufu, lakini jua likitua hewa baridi hushuka kutoka vileleni, na joto linaweza kupungua sana kabla ya alfajiri. Mzabibu hupunguza kupumua, na asidi hubaki ndani ya tunda. Mvunaji hupata zabibu iliyoiva ambayo bado ina ukali wake. Kwa divai ya kawaida ukali huo ungeweza kuonekana kasoro. Kwa divai itakayolala chupani miaka mitatu, mitano au kumi, ndiyo nguzo inayoibeba: divai isiyo na asidi ya kutosha huchoka na kupoa ladha kabla muda huo haujaisha.

Upepo nao una nafasi yake. Siku za hali nzuri ya hewa, karibu na adhuhuri, upepo uitwao Ora huanza kuvuma kutoka Ziwa Garda, hupanda katika bonde la maziwa na kufika hadi Trento. Hukausha majani na vichala, na hivyo kupunguza ukungu na magonjwa ya kuvu ambayo hupenda unyevu. Wakulima wa huko huutegemea kama wakulima wa kwingineko wanavyoutegemea msimu wa mvua.

Mtu wa kwanza kuyaunganisha mambo haya na kuona kwamba milima ya kwao inaweza kutoa divai ya mapovu ya kiwango cha juu alikuwa Giulio Ferrari. Jina lake halihusiani na magari ya mbio. Ferrari ni jina la ukoo lililoenea sana Italia. Alizaliwa mwaka 1879, wakati Trentino ikiwa bado chini ya himaya ya Austria na Hungaria. Alisoma katika shule ya kilimo ya San Michele all'Adige, iliyoanzishwa mwaka 1874 na baraza la Tyrol na kuongozwa kwanza na mtaalamu aitwaye Edmund Mach, kisha akaenda kuongeza ujuzi wake Ufaransa, ambako alijionea jinsi shampeni inavyotengenezwa. Aliona mfanano kati ya mahali alikotoka na Champagne, eneo inakotoka shampeni: baridi, asidi, na udongo ambao zabibu za Chardonnay zingeweza kuupenda. Alirudi na vipando vya Chardonnay, na mwaka 1902 akaanza kutengeneza chupa zake za kwanza mjini Trento. Wakati huo Chardonnay ilikuwa haijulikani sana Italia, na watu wengi waliilima bila kuitofautisha na Pinot Bianco.

Ferrari hakutaka wingi. Alitengeneza chupa chache, akazilaza muda mrefu na kuziuza kwa bei ya juu. Mwaka 1906 divai yake ilipata medali ya dhahabu katika maonyesho ya kimataifa ya Milano. Baadaye vita kuu viwili vilipita juu ya mabonde hayo, na mstari wa mapambano wa vita vya kwanza ulipita katika milima yenyewe. Trentino ikawa sehemu ya Italia baada ya vita hivyo, na mtengenezaji huyu akaendelea na kazi yake ileile, kwa kiasi kidogo kilekile. Kwa kuwa hakuwa na mtoto, mwaka 1952 alimuuzia kampuni Bruno Lunelli, mwenye duka la divai mjini Trento. Wakati huo uzalishaji ulikuwa chini ya chupa 10,000 kwa mwaka. Lunelli alilazimika kukopa ili ainunue, na akamwacha mzee aendelee kufanya kazi katika ghala lake hadi alipofariki mwaka 1965. Uamuzi huo unastahili heshima: ujuzi wa miaka hamsini haukukatika siku ya kutia saini.

Wana wa Lunelli waliikuza kampuni pasipo kuacha njia ya jadi. Mmoja wao, Mauro, aliyesomea utengenezaji wa divai, aliweka kando chupa za mavuno ya 1972 kutoka shamba moja la juu liitwalo Maso Pianizza ili aone kama Chardonnay ya mlimani ingeweza kuzeeka kwa miaka mingi. Jaribio hilo lilizaa divai iitwayo Giulio Ferrari Riserva del Fondatore, ambayo hukaa na hamira yake kwa karibu muongo mmoja au zaidi kabla ya kuuzwa, na ambayo iliwafanya wataalamu wa nje waache kuiona Italia kuwa nchi ya mapovu mepesi tu. Wengine nao waliingia kazini. Katika miaka ya 1960 marafiki watano walianzisha nyumba ya divai ya Equipe 5. Baadaye yakaja majina kama Letrari, Maso Martis, Balter na Methius, pamoja na Rotari na Altemasi ambayo ni ya vyama vikubwa vya ushirika. Leo nyumba zinazotengeneza Trentodoc zimezidi 60.

Zabibu zinazoruhusiwa ni za aina nne: Chardonnay, Pinot Nero, Pinot Bianco na Meunier. Chardonnay ndiyo malkia wa eneo hili. Huchukua sehemu kubwa mno ya mashamba, na huipa divai harufu ya tufaha, limau na maua meupe. Pinot Nero ni zabibu ya ganda jeusi lakini maji yake hayana rangi, hivyo inaweza kutoa divai nyeupe ikikamuliwa kwa upole, au ya waridi ikiachwa kidogo na maganda yake. Huipa divai mwili na nguvu. Aina mbili nyingine hutumika kwa kiasi kidogo. Kuhusu Pinot Nero, shule ile ya San Michele, ambayo sasa ni taasisi ya utafiti yenye jina la Edmund Mach, ina jambo la kujivunia: watafiti wake walishiriki kuusoma mpangilio wa jenomu ya zabibu hiyo na kuuchapisha mwaka 2007.

Mavuno huanza mapema kuliko ya divai za kawaida. Katika mashamba ya chini huanza mwishoni mwa Agosti au hata kabla, kisha wavunaji hupanda taratibu hadi yale ya juu mwezi Septemba. Zabibu huchumwa kwa mkono, na sababu si mapenzi ya mambo ya kale. Mashine huvunja ganda la tunda, na tunda lililovunjika huanza kuchachuka na kubadilika rangi likiwa bado njiani. Zaidi ya hayo, miteremko mingi ni mikali kiasi kwamba mashine isingeweza kupita hata kama ingetakiwa.

Kiwandani vichala hukamuliwa vikiwa vizima, polepole. Maji ya kwanza kutoka ndiyo bora: yana sukari na asidi, na hayajabeba uchungu wa maganda na kokwa. Kadiri mgandamizo unavyoongezeka ndivyo ubora unavyoshuka, kwa hiyo maji ya mwisho hutengwa. Kisha hufuata mchachuko wa kwanza, katika matangi ya chuma au wakati mwingine mapipa ya mwaloni, unaotoa divai ya msingi yenye kilevi cha asilimia 10 au 11 hivi. Divai hii haina mapovu na, ukweli usemwe, haina raha kubwa mdomoni. Ni kali na nyembamba. Inahitaji mtu mwenye ulimi uliozoea ili aonje ukali huo na kutambua itakavyokuwa baada ya miaka mitatu.

Mtu huyo ni mkuu wa ghala. Wakati wa baridi na mwanzoni mwa majira ya kuchipua huketi na sampuli nyingi: za bondeni, za mlimani, za udongo wa chokaa, za udongo wa miamba ya volkano, za mwaka huu na, akipenda, za miaka iliyopita. Huzichanganya mpaka apate mchanganyo anaoutaka. Hapa tofauti ya vimo ya Trentino inageuka kuwa mtaji. Zabibu za bondeni huleta utamu wa tunda na unono, za juu huleta ukali na harufu nyembamba, na mchanganyaji anazo zote ndani ya umbali wa kilomita chache. Zikiwa zote za mavuno ya mwaka mmoja, chupa huweza kuandikwa mwaka huo na kuitwa millesimato.

Mchanganyo ukikubalika, huongezwa sukari na hamira kwa kipimo cha uangalifu mkubwa, halafu hutiwa katika chupa na kuzibwa kwa kizibo cha chuma kama cha soda. Kipimo hicho kina historia ya maumivu. Katika karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19 watengenezaji wa Champagne walikuwa wakipoteza chupa nyingi zilizolipuka ghalani, na wafanyakazi waliumia, kwa sababu hakuna aliyejua sukari kiasi gani huleta gesi kiasi gani. Ni katika miaka ya 1830 tu ambapo mfamasia Mfaransa aitwaye François aliweka njia ya kupima. Leo inajulikana kwamba gramu 4 za sukari katika lita moja huleta takriban atmosfia moja ya mgandamizo. Kwa hiyo gramu 24 hivi zinatosha kufikia atmosfia 6, ambazo ni karibu mara tatu ya upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo. Ndiyo maana chupa ya divai hii ni nzito, ina kioo kinene, na kitako chake kimebonyea kuelekea ndani ili kugawa mzigo huo.

Chupa hulazwa kwa ubavu katika maghala ya chini ya ardhi, mahali penye giza na joto la nyuzi 12 hivi lisilobadilika. Ndani yake hamira hula sukari, hutoa kilevi kingine cha zaidi kidogo ya asilimia moja, na hutoa gesi ya kaboni dioksidi. Baridi ya ghala huifanya kazi hiyo iende taratibu, kwa wiki kadhaa, na gesi huyeyuka vizuri katika divai. Sukari ikiisha, hamira hufa na kutua ubavuni mwa chupa kama mashapo meupe.

Mtu angeweza kudhani kazi imekwisha. Mapovu yapo, kilevi kipo, na mashapo yangeweza kuondolewa wiki hiyohiyo. Lakini mali ya njia ya jadi inaanzia hapa. Baada ya miezi kadhaa chembe za hamira zilizokufa huanza kujivunjavunja, zikimeng'enywa na vimeng'enya vyake zenyewe. Kuta zake hulegea na kuachia ndani ya divai amino asidi, protini zilizoshikana na sukari, na vitu vingine vingi. Baadhi ya vitu hivi huleta harufu ya mkate uliotoka tanurini, ya lozi na karanga zilizokaangwa, ya siagi. Vingine havina harufu, ila huipa divai ulaini mdomoni na huyafanya mapovu yawe madogo na ya kudumu. Mashapo hayo pia hunyonya oksijeni, kwa hiyo divai inayoishi nayo hubaki changa kwa namna ya ajabu: chupa ya miaka kumi iliyo bado na mashapo yake huweza kuwa na uhai kuliko ya miaka mitatu iliyokwisha kutolewa yake. Kazi hii haina njia ya mkato. Kuongeza joto huharibu ladha, na kukoroga hakuwezi kuziba pengo la miaka. Hivyo mtengenezaji hulipia muda: jengo, chupa, na fedha iliyokaa gizani bila kurudi.

Sheria ya Trentodoc inaweka kiwango cha chini cha muda huo. Divai ya kawaida ni lazima ikae na mashapo yake angalau miezi 15. Yenye mwaka wa mavuno, miezi 24. Na ile iitwayo riserva, miezi 36. Nyumba nyingi nzuri huzidisha sana vipindi hivyo, na mnywaji anayetaka kujua mlima umeipa nini divai hii atafanya vyema kuanzia na riserva, kwa sababu asidi ya baridi na ladha ya hamira huhitaji muda ili zielewane.

Muda ukitimia, mashapo hutolewa. Kwanza huteremshwa shingoni. Kwa njia ya zamani, chupa huchomekwa vichwa chini katika mbao zenye matundu, na mfanyakazi huzizungusha kidogo kila siku huku akizidi kuziinua vitako, mpaka baada ya wiki kadhaa mashapo yote yawe yamekusanyika juu ya kizibo. Ufundi huu ulianzishwa Champagne mwanzoni mwa karne ya 19, katika nyumba ya mjane Clicquot. Nyumba nyingi sasa hutumia vizimba vya chuma vinavyobeba mamia ya chupa na kugeuzwa na mashine, na kazi hukamilika kwa siku chache. Ladha haibadiliki kwa hilo, na hakuna haja ya kulilia mbao. Hata hivyo baadhi ya chupa za hadhi ya juu bado huzungushwa kwa mkono.

Kisha shingo ya chupa hutumbukizwa katika kimiminika chenye baridi ya takriban nyuzi 25 chini ya sifuri. Mashapo huganda na kuwa donge la barafu. Chupa hugeuzwa, kizibo hufunguliwa, na mgandamizo wa ndani hulirusha nje donge hilo pamoja na divai kidogo sana. Pengo hilo hujazwa na divai iliyochanganywa na sukari, kwa kipimo ambacho kila nyumba hukilinda. Chupa huzibwa kwa koki, hufungwa waya, na hupumzishwa miezi michache ili divai itulie baada ya mshtuko huo.

Kipimo cha sukari ya mwisho ndicho kinachoamua neno litakaloandikwa kwenye lebo. Pas dosé, au dosaggio zero, ina sukari chini ya gramu 3 kwa lita na haikuongezwa yoyote. Extra brut haizidi gramu 6, na brut ni chini ya gramu 12. Kuna pia extra dry, ambayo licha ya jina lake lenye maana ya kukauka kabisa ina sukari zaidi ya brut, yaani gramu 12 hadi 17, na hilo huwachanganya wanunuzi wengi. Zaidi ya hapo ziko dry na demi-sec, ambazo ni tamu waziwazi. Nyingi ya Trentodoc ni brut, ila katika miaka ya karibuni zile zisizo na sukari zimeongezeka. Zabibu zikiwa zimeiva vizuri na muda wa ghalani ukiwa mrefu, sukari haina cha kuficha.

Nyumba nyingi huandika pia tarehe au mwaka wa kutolewa mashapo, kwa neno sboccatura. Ni taarifa yenye thamani kuliko mapambo yote ya lebo. Inamwambia mnunuzi divai ilikaa miaka mingapi na hamira, na imekaa muda gani tangu itengane nayo. Ikinywewa ikiwa na baridi ya nyuzi 8 hivi, au 10 kwa riserva, na katika glasi yenye tumbo badala ya ile nyembamba kama mrija, harufu zake hupata nafasi ya kupanda.

Jina Trento lilipewa ulinzi wa DOC, yaani jina la asili linalolindwa na sheria, mwaka 1993. Kabla ya hapo, mwaka 1984, watengenezaji walikuwa wamekwisha kuunda taasisi yao ya kusimamia ubora, na mwaka 2007 wakakubaliana kutumia alama moja ya pamoja, Trentodoc, iandikwayo kama neno moja. Ulinzi wa aina hii ulikuwa wa lazima, kwa kuwa sheria za Ulaya zilikuwa zimewazuia watu walio nje ya Champagne kuitaja njia yao kwa jina la eneo hilo la Ufaransa. Kila mahali palihitaji kusimama kwa jina lake. Majirani wa Lombardy walifanya hivyo na Franciacorta, ambayo hutumia njia ileile lakini hukua kwenye vilima vya chini zaidi, karibu na Ziwa Iseo, na kwa kawaida huwa na unono zaidi na ukali kidogo.

Na Prosecco ni jambo jingine kabisa, ingawa katika maduka chupa hizi hupangwa pamoja. Prosecco hutoka Veneto na Friuli, hutumia zabibu iitwayo Glera, na kwa sehemu kubwa huchachuka mara ya pili ndani ya tangi kubwa la chuma lililozibwa, njia ambayo Mwitalia Federico Martinotti aliipatia hataza mwaka 1895 na Mfaransa Eugène Charmat akaiboresha baadaye. Mchachuko huo huchukua wiki chache. Hulinda harufu ya tunda na maua, na ndiyo maana Prosecco ni changa, nyepesi na nafuu. Si kasoro, ni lengo tofauti. Uzalishaji wake ni wa mamia ya mamilioni ya chupa kwa mwaka, huku Trentodoc ikizidi kidogo tu milioni 10. Anayelipia Trentodoc analipia miaka ya ghala, na asipoitaka ladha ya miaka hiyo, hana sababu ya kuinunua.

Nyuma ya majina makubwa wapo maelfu ya wakulima wenye vishamba vidogo, wengi wao wakiwa na hekta moja au mbili. Mkulima wa kiasi hicho hawezi kujenga ghala la kulaza chupa miaka mitatu. Jibu la Trentino kwa tatizo hili limekuwa ushirika. Mwaka 1890 padri Lorenzo Guetti alianzisha ushirika wa kwanza wa aina yake katika bonde maskini la jimbo hilo, wakati watu wengi walikuwa wakihamia Amerika kwa sababu ya njaa na madeni, na mfano huo ukaenea hadi kwenye benki, maduka na viwanda vya divai. Leo sehemu kubwa sana ya zabibu za jimbo hupitia vyama kama Mezzacorona, kilichoanza mwaka 1904, na Cavit, ambacho ni muungano wa vyama vidogo. Bila vyama hivi, mashamba mengi ya miteremkoni yangekuwa msitu.

Mfano mzuri ni Val di Cembra. Hapo miteremko imekatwa matuta na kushikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, kuta ambazo kwa jumla hukadiriwa kuzidi kilomita 700. Mawe yake ni ya porifiri, mwamba wa volkano wenye wekundu unaochimbwa bondeni humo. Ukuta mmoja ukibomoka kwa mvua, udongo wa karne nyingi huteremka mtoni, na hakuna trekta inayoweza kufika kuurudisha. Kwenye matuta hayo, na kwingine jimboni, mizabibu mingi hutandazwa juu ya pergola, dari ya mbao iliyoinama ambayo majani yake hukinga vichala na jua. Kwa miaka kadhaa pergola ilidharauliwa kuwa ni njia ya kutafuta wingi, na wengi waliing'oa na kupanda kwa mistari ya waya. Sasa kivuli chake kinaonekana kwa jicho jingine, kwa kuwa zabibu zinazofunikwa huiva polepole na kutunza asidi.

Sababu ya mtazamo huo kubadilika ni joto. Majira ya kiangazi katika Alps yamezidi kuwa makali, mavuno yamesogea mbele kuelekea Agosti, na mashamba ya bondeni ambayo miaka arobaini iliyopita yalitoa divai ya msingi yenye ukali wa kutosha sasa huwalazimu wakulima kuvuna haraka kabla asidi haijapotea. Mlima unatoa nafasi ya kujiokoa: kila mita 100 za kupanda hupunguza joto kwa takriban nusu nyuzi au zaidi kidogo. Kwa hiyo mizabibu inapanda. Maeneo ya mita 600, 700 na 800, ambayo wazazi wa wakulima wa leo waliyaona kuwa ya baridi mno kwa zabibu, ndiyo yanayotafutwa.

Lakini nafasi hiyo ina mpaka. Juu kuna misitu inayolindwa, malisho ya ng'ombe, na mashamba ya matufaha ambayo ni mali kubwa ya jimbo. Juu pia kuna baridi kali ya majira ya kuchipua inayoweza kuunguza machipukizi kwa usiku mmoja, na miteremko ambayo kila saa ya kazi ni ya mkono. Watafiti wa San Michele wanaendelea kutafuta aina za mizabibu zinazostahimili magonjwa na njia za kulima zinazochelewesha kuiva. Mkulima naye anapaswa kuamua mapema mno: mzabibu unaopandwa mwaka huu hauanzi kutoa zabibu za maana kabla ya miaka mitatu, na zabibu hizo zikiingia katika riserva zitakaa na hamira miaka mingine mitatu au zaidi, kwa hiyo shamba linalochaguliwa leo linapimwa kwa hali ya hewa ya muongo ujao.